Chombo cha Serikali Chenye Sharubu

"Mama Raouf, nasema kwa mara ya tatu: tangu saa tatu asubuhi ya leo, mumeo si mgonjwa. Ni mali ya serikali."

"Mali ya nani?" Mama Raouf alishika kiuno. "Miaka thelathini namfulia mimi. Hiyo serikali ilikuwa inaanika wapi?"

Bwana Mitwalli hakukasirika. Mtunza Stoo Mkuu wa Hospitali ya Umma ya Kafr Shabana hawakasirikii watu wasiojua taratibu. Kila kifaa cha hospitali kilikuwa chini ya saini yake: kimoja kikiharibika, hastaafu mpaka kiwe kama alivyokipokea, na alikuwa anastaafu Jumapili, mkaguzi akishahesabu kila kitu. Ndiyo maana mashine mpya ya CT-Scan, iliyofika miezi minane iliyopita, ilikuwa bado imevaa nailoni. Haikuwa imekosea picha hata moja. Hospitali ngapi zinaweza kujivunia hilo?

Balaa lilianza alipotoka kwenda kula maharage ya ful. Daktari Sawsan, mwanamke asiye na subira ya kiutumishi, alichukua chupa pekee ya dawa ya kung'arisha picha akaichoma yote mgongoni mwa Hajji Abdel-Samie, ndani ya maji yanayozunguka uti, ili mizizi ya mishipa ya fahamu ionekane. Hajji, mume wa Mama Raouf na mkaanga bajia za taamiya, ana kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo kifuani, kwa hiyo mashine ya sumaku, ile MRI, haimfai. Mguu wake wa kushoto umekuwa ukifa ganzi tangu Ramadhani, na bila picha mpasuaji hajui pa kukata. Dawa ile hudumu kiasi cha saa moja tu. Nusu yake ilikwishapita.

Mtumishi wa kawaida, akikuta chupa tupu, angepiga kelele. Bwana Mitwalli alifikiri. Dawa haikupotea, ilikuwa imehamia chombo kingine, na chombo kipya huingizwa stoo. Akamfunga Hajji lebo mkononi.

"Washa mashine," alisema Daktari Sawsan. "Zimebaki dakika ishirini na tano."

"Mashine huwashwa na Kamati ya Upokezi, Daktari. Ina wajumbe watatu. Mmoja yuko umra, mmoja amefariki."

"Na wa tatu?"

"Wa tatu ni mimi. Lakini nitakutanaje na mimi?"

"Nipelekeni popote," alisema Hajji kutoka kitandani, "hata huko stoo, mradi kuna chai."

"Nyamaza wewe, chupa haisemi." Mama Raouf aliuinua mkono wa mumewe, akasoma lebo kwa sauti: "'Chombo kimoja, chenye sharubu. Miguu miwili, mizima. Hali: mpya kabisa.' Umeandika wewe haya?"

"Huandikwa hivyo siku zote."

"Na saini ni yako?"

"Kila saini humu ni yangu," alijibu kwa fahari.

"Haya basi." Mama Raouf akatupia mkoba begani. "Nakwenda kupika mboga ya mulukhiya. Jumapili mkaguzi akija, na mimi nitakuwepo. Utamkabidhi huyu kama ulivyompokea kwa saini yako. Asimame mbele ya mkaguzi kwa miguu miwili mizima, aruke mara mbili."

Bwana Mitwalli aliutazama mguu wa kushoto. Mguu haukumjali.

"Daktari," aliuliza taratibu, "bila picha?"

"Mguu utafia mikononi mwako."

"Na kwa picha?"

"Mpasuaji atajua pa kuanzia."

"Halafu," Mama Raouf alisema akiwa mlangoni, "anakoroma kama treni ya Aswan, na mayai hali."

Kamati ya Upokezi ilikutana papo hapo, mjumbe mmoja akiwa amehudhuria, marehemu akiombewa rehema, na azimio likapita kwa kauli moja. Mwenyekiti alipasua nailoni kwa meno, maana mkasi alikuwa ameufungia kabatini. Kisha akakisukuma kitanda mwenyewe, mbio, akiwafokea madaktari kwenye korido waipishe mali ya serikali.

Mashine ikanguruma.

"Tulia," Daktari Sawsan alisema kwenye kipaza sauti. "Usitikise hata kidole."

Hajji akatulia. Nyuma ya kioo, Bwana Mitwalli naye akaganda, kipande cha nailoni kikining'inia mdomoni, wala hakuthubutu kukitema mpaka ilipotoka picha ya mwisho.