Benki ya 14, Kinara wa Ufanisi

Jumatatu, 4 Machi

Vita vimeanza. Mkurugenzi wa taasisi yetu ya utafiti katuita ofisini mwake, mimi na Desimali. Ajira ya kudumu ni moja. Sisi wa mkataba ni wawili, na mikataba yetu inaisha tarehe kumi na tano. Kila mmoja apime ufanisi wa benki za nchi hii kwa miaka kumi, kisha tuwasilishe Jumatatu ijayo mbele ya mameneja wa benki zenyewe. Atakayefanya vizuri anabaki. Mwingine, kwaheri.

Desimali ni jirani yangu wa meza. Jina hilo nimempa mimi, maana hata ukimuuliza saa atakutajia na nukta. Kapendekeza tukague takwimu pamoja. Nimekataa. Ananionaje huyu?

Jioni nimemwambia mke wangu kwamba kazi nimeshaipata. Ni suala la siku tu.

Jumanne, 5 Machi

Takwimu zimefika. Benki ishirini, zote kwa namba, ili tusipendelee. Orodha ya majina imo kwenye bahasha iliyofungwa, kabatini kwa Mkurugenzi, mpaka siku ya kuwasilisha.

Kipimo ni rahisi. Unatazama benki imetumia nini: watu, majengo, gharama. Halafu imeingiza nini. Inayoingiza kingi kwa kutumia kidogo inapata mia, na nyingine zote zinapimwa kwa hiyo.

Desimali kashinda kwenye simu akiulizia takwimu zenye walakini. Mimi nimefunga mafaili yangu kwa nywila asije akachungulia. Nywila nimeisahau. Nusu siku imepotea.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeipata! Benki ya 14. Miaka saba ya kwanza ilikuwa hovyo kabisa: wafanyakazi mia tatu, marejesho ya mikopo ya kusuasua. Mwaka wa nane wafanyakazi wakashuka ghafla hadi wawili. Na marejesho yanaingia kila mwezi. Matawi, sifuri. Matangazo, sifuri. Chai ya vikao, sifuri. Imepata mia miaka mitatu mfululizo. Inayoifuata imepata kumi na tisa.

Mke wangu, ambaye ni fundi cherehani na hajawahi kufanya utafiti, kaniuliza watu wawili wanaendeshaje benki nzima. Nimemwambia hayo ndiyo yanaitwa mageuzi. Akakata uzi kwa meno, akaendelea kushona.

Ijumaa, 8 Machi

Desimali kaniuliza kama na mimi nimeiondoa Benki ya 14. Kaiondoa! Kinara mzima kamtupa nje. Akataka kunieleza sababu, nikamwinulia mkono. Nikamwambia kafanya vizuri, asibadilishe kitu. Nilicheka chooni peke yangu.

Nyumbani mambo si mepesi. Mke wangu kawatangazia dada zake wote kuhusu ajira yangu ya kudumu. Kisha kwa kuutegemea mshahara wangu, kachukua chumba cha duka, mkataba wa mwaka mzima.

Jumatatu, 11 Machi

Ukumbi ulijaa. Desimali alitangulia, nukta juu ya nukta, watu wakapiga miayo. Kisha mimi. Niliwasema mameneja bila kuwaonea haya. Niliwaambia ni wavivu waliokubuhu: foleni hadi barabarani, malalamiko, makochi ya ngozi. Benki ya 14 haina foleni, na haina lalamiko hata moja kwenye rekodi kwa miaka mitatu. Waige.

Meneja mmoja mwenye mvi akasema angependa kwenda kujifunza huko, akaomba jina. Nikadai bahasha ifunguliwe palepale. Mkurugenzi akaichana, akasoma, akavua miwani, akaniangalia mimi.

Benki ya 14 ilifilisika miaka mitatu iliyopita. Wale wawili ni mlinzi wa jengo, na karani anayekusanya mikopo iliyobaki. Meneja mwenye mvi akaongeza kwa upole kwamba meza za tawi lake alizinunua kwenye mnada wao, na ni imara kweli.

Walicheka hadi kushika mbavu. Sikurudi nyuma. Niliwauliza kama kuna anayeweza kunionyesha foleni pale. Desimali akasema, kwa sauti ndogo, kwamba watu walikuja sana mwanzoni, ila hakukuwa na wa kuwafungulia.

Jumatano, 13 Machi

Ajira kapewa Desimali. Mkurugenzi kanihurumia: niiondoe Benki ya 14, nirudie hesabu, ataniongezea miezi mitatu. Nimekataa. Kinara haondolewi kwa sababu tu amekufa.

Ilibidi nimweleze mke wangu. Hakugomba. Alisema kodi ya duka imeshatoka na hairudi, kisha akalia. Iliniuma sana, sikatai. Nimemuahidi kuwa sitakaa bila kazi hata wiki moja.

Ijumaa, 15 Machi

Mkataba umeisha. Sikumuaga mtu. Nilikwenda moja kwa moja Benki ya 14 na barua ya kuomba kazi. Mnyororo mlangoni, nyasi hadi magotini. Mlinzi kaipokea kupitia kwenye nondo za lango, kaisoma mara mbili, kisha kanishauri kama ndugu nijaribu kwingine. Hata yeye mwisho wake ni mwezi huu.

Nilimshukuru kwa habari hizo njema. Mwezi ujao wanabaki na mfanyakazi mmoja tu, na ufanisi unapanda mara mbili. Benki kama hiyo lazima niisubiri.