Reli Isiyohitaji Treni

Wizara ya Reli na Mwendo wa Umma ilitangaza, kwa furaha isiyo kifani, kwamba nchi imepiga hatua ambayo mataifa mengine bado yanaiota: kuanzia mwezi huo, reli ingefanya kazi bila treni. Treni, ilieleza taarifa iliyosomwa redioni asubuhi na kurudiwa jioni kwa ajili ya waliodhani wamesikia vibaya, ndiyo iliyokuwa kikwazo kikuu cha usafiri wa reli. Ilichelewa, ilikunywa mafuta, ilipiga honi watoto wakiwa wamelala. Ikiondolewa, itabaki reli tupu, safi, isiyochelewa kamwe.

Wataalamu walipongeza. Mtu mmoja tu ndiye aliyekosa la kupongeza, naye ndiye aliyeuleta mpango wenyewe. Alikuwa Mkurugenzi Msaidizi wa Mipango, mtu mwembamba wa miwani, ambaye wenzake ofisini walimwita Bwana Ramani, kwa kuwa hakuna siku waliyomkuta bila ramani kwenye kompyuta yake. Kuhusu ramani hawakukosea. Wasichokijua ni kwamba ilikuwa ramani ya mchezo.

Ulikuwa mchezo wa kujenga dola, ule ambao kila mchezaji hucheza zamu yake, kisha hukaa akiwangoja wengine wacheze zao. Tena hakuwa akicheza ule wa dukani. Alicheza toleo lililofumuliwa na mashabiki na kushonwa upya, nao katika kufumua kwao walikuwa wamezitia reli maarifa ya aina yake. Humo reli hutandazwa kigae kwa kigae, maana ramani nzima imegawanywa vigae. Treni hakuna. Kikosi cha mchezaji kikishaikanyaga reli, papo hapo kimefika mwisho wa njia. Miji miwili ikiunganishwa, nyuso ndogo za wakazi wake hutabasamu na hazina hujaa. Masharti ni machache: kigae kimoja hakibebi vikosi viwili, na aliyetangulia kusogea hasogei tena mpaka wengine wote wamalize zamu zao.

Mchana mmoja Waziri aliingia bila kubisha, akitafuta choo, kwa kuwa milango ya ghorofa ile inafanana. Akaona kwenye kioo cha kompyuta miji inatabasamu.

"Treni ziko wapi?" aliuliza.

Bwana Ramani angeweza kusema kweli. Angesema, Mheshimiwa, huu ni mchezo, nami nacheza saa za kazi. Lakini roho ilikuwa juu juu, na mdomo ukatangulia akili.

"Mfumo huu hauna treni, Mheshimiwa."

"Hauna?"

"Hauzihitaji."

Waziri aliitazama hazina inavyojaa, akavuta kiti, akasahau kabisa alichokuwa anakitafuta. Wiki haikuisha, kamati ikaundwa, ikazaa kamati ndogo, nayo ikazaa kikosi kazi. Kila Bwana Ramani aliposimama kujieleza alipigiwa makofi, akasifiwa kwa unyenyekevu, akaombwa akae.

Utekelezaji ulikwenda vizuri mno. Mpango ulisema reli hutandazwa kigae kwa kigae, na Idara ya Ununuzi haikuwa na sababu ya kubishana na mpango. Iliagiza vigae. Vilikuja vya bafuni, vyeupe, vyenye maua ya samawati, kwa kuwa ndivyo vilivyopatikana kwa wingi. Fundi aliyezoea kazi za mabafu akavipanga katikati ya vyuma viwili vya reli ya zamani, kutoka stesheni kuu na kuendelea, akauliza mara moja tu maji yatatokea upande gani. Aliambiwa asiingilie mambo ya kitaalamu.

Treni yenyewe ilipumzishwa, kwa heshima zote, kwenye karakana ya mji wa mwisho wa reli. Hapo ndipo Bwana Ramani alipojua kwamba amejipalia makaa. Mkewe alikuwa mkunga katika hospitali ya mji uo huo, na kila Ijumaa alirudi nyumbani kwa treni hiyo. Njia nyingine haikuwepo. Barabara ya huko ilichukuliwa na mvua, na Wizara ya Barabara ilikuwa bado inaitafuta.

Mkewe alipopiga simu hakupandisha sauti. Alieleza kwamba hospitali imempa nyumba, kwamba shule ya huko ina nafasi, na kwamba mwisho wa mwezi, treni isipokuwepo, kaka yake atawafuata watoto kwa trekta.

"Mama watoto, haya ni mambo ya serikali," Bwana Ramani alijaribu.

"Serikali ipi? Si ule mchezo wako? Nimeiona ramani gazetini. Ule mji wa pembeni umeupa jina unaloniitia mimi."

Bwana Ramani aliihamishia simu sikio la pili.

"Mwambie huyo Waziri wako ukweli," mkewe alisema.

"Atanifukuza kazi."

"Basi baki na kazi yako." Akakata simu.

Alimpenda mkewe, aliwapenda wanawe, na aliiogopa barua ya kufukuzwa kuliko mtu mzima anavyopaswa kuogopa karatasi. Mdogo wa watoto alipouliza mama anarudi lini, alimwambia anawe mikono, wakati mikono ilikuwa safi.

Siku ya uzinduzi ilikuwa ya mwisho wa mwezi. Stesheni ilijaa wananchi wenye mabegi na mabunda, runinga zikarusha matangazo moja kwa moja, na ukutani palibandikwa mwongozo wenye sahihi ya Waziri: kigae kimoja mtu mmoja, na aliyetangulia asubiri wote. Waziri, kama kiongozi wa mfano, ndiye aliyetangulia. Alishuka kutoka jukwaani, akakanyaga kigae cha kwanza, akasimama kifua mbele akingoja kufika.

Hakufika. Kikosi kazi kilinong'ona, kisha kikamshauri kwamba mfumo mpya unahitaji kusukumwa kidogo na mtumiaji. Waziri akaanza kutembea. Vigae vya bafuni, kama ajuavyo yeyote aliyeoga, havina urafiki na viatu vya ngozi. Alikwenda akipepesuka, mikono hewani, huku walinzi wakimfuata nyuma kila mmoja na kigae chake. Alipoipita taa ya ishara, mahali ambapo kivuli cha stesheni kimekoma na jua ndilo linalotawala, alisimama ajifute jasho.

"Mheshimiwa amesimama," Katibu wa Wizara alitangaza kwenye kipaza sauti, kwa utiifu wote. "Zamu yake imekwisha. Sasa ni zamu ya wananchi."

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mama mmoja fundi cherehani, aliyekumbatia mashine yake kama mtoto. Katibu alimkaribisha acheze zamu yake. Mama yule aliitazama reli, akaitazama ile mashine, akakaa juu ya bunda lake.

"Nafikiria," alisema.

Mwongozo uliangaliwa upya. Ulikuwa haujaweka kikomo cha kufikiria. Aliyemfuata naye alifikiria. Foleni nzima ikafikiria, kwa utulivu ambao Wizara ilikuwa ikiuomba kwa miaka mingi. Kule kwenye jua Waziri alipunga mkono, kwanza kwa kusalimia, baadaye kwa namna nyingine. Kurudi hakuweza, kwani kurudi ni kusogea, na nchi nzima ilikuwa inatazama. Mlinzi mwenye mwavuli alinyoosha mkono mpaka bega likamuuma, lakini kivuli kikaishia kwenye kigae chake mwenyewe.

Jua lilipomchoma vya kutosha, Waziri alimpigia simu Katibu, naye Katibu akamuuliza mama wa cherehani, kwa adabu, ni nini hasa kingemsaidia kumaliza kufikiri.

"Treni," alisema mama yule.

Ombi lilipelekwa juu, yaani kule kwenye jua, likakubaliwa bila kamati. Taarifa ikatolewa papo hapo kwamba Wizara inaleta kifaa cha kuwawezesha wananchi kufikia uamuzi, na karakana ya mji wa mwisho wa reli ikapigiwa simu.

Kifaa kilisikika kabla ya kuonekana. Vigae vilikuwa vinapasuka kimoja baada ya kingine chini ya mtikisiko wake, na honi ikalia, na hakuna mtoto aliyelalamika. Treni ilisimama mbele ya Waziri, kwa kuwa kigae chake kilikuwa na mtu. Dereva akachungulia. Nyuma yake, kwenye dirisha la behewa la kwanza, alichungulia mwanamke mwenye sare ya ukunga, na moyo wa Bwana Ramani, aliyesimama na wanawe kando ya Katibu, ukaruka.

Waziri na walinzi wake walishuka kando ya reli, naye akashika mlango wa behewa. Dereva alimwomba radhi. Alisema yeye ni mtu wa kufuata mwongozo, na hajui kama aliyekwisha kucheza anaruhusiwa kupanda. Waziri akageukia stesheni, akapaza sauti iliyokauka.

"Mkurugenzi, mfumo ni wako. Waambie kanuni inasemaje."

Kipaza sauti kikawekwa mkononi mwa Bwana Ramani. Aliona wazi alichotakiwa kusema. Ilikuwa ni kusema uongo mmoja mdogo, ndugu wa ule wa kwanza, na kazi yake ingebaki salama. Akamtazama mkewe dirishani.

"Aliyetangulia hasogei mpaka wengine wote wamalize, Mheshimiwa," alisema. "Na huu ni mchezo. Tangu mwanzo ulikuwa mchezo."

Sentensi ya kwanza ilishangiliwa sana hata ya pili haikusikika. Waziri akaachia mlango. Treni ikampita polepole, ikaingia stesheni, na wananchi waliomaliza kufikiri wakaanza kupanda, mama wa cherehani mbele, bila haraka yoyote.

Mkewe alishuka na begi lake. Watoto walimrukia kabla hajaliweka chini. Alimkagua mumewe kutoka miwani hadi viatu, akasema amekonda, kisha akakinga macho kwa kiganja na kutazama kule reli ilikotokea.

"Yule mtu aliyesimama juani ni nani?"

"Ni Waziri. Anangoja zamu yake."

"Na sasa ni zamu ya nani?"

Bwana Ramani alimpokea begi.

"Yetu," alisema, na wakaenda nyumbani.