Pikapu ya Vaelupe Kumi na Wawili

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Machifu wa Vaimalie. Mchungaji wetu mpendwa pamoja na mama mchungaji. Waheshimiwa machifu mlioketi mkiegemea nguzo zenu kwa mujibu wa vyeo. Waheshimiwa machifu mliokosa nguzo. Rais wa Kamati ya Akina Mama. Mwalimu Mkuu, uliyetuazima jengo, viti na kipaza sauti. Wabia wetu wa maendeleo, ambao wameshindwa kufika lakini wametuma kofia. Wageni waalikwa, wageni mliojialika, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, itazingatiwa katika awamu ya pili.

(Makofi ya watu watatu, wote wamevuka na msemaji kwa feri asubuhi hii.)

Ninaposimama mbele yenu leo katika sherehe ya uzinduzi wa Kituo chetu cha Kusahihisha Taarifa, mimi Vaelupe Kenesi Alofipo, Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Usahihi wa Taarifa za Wakopaji, sisimami kama mgeni, la hasha, kwani ni nyinyi wenyewe, Mei mwaka jana, mlionivika jina hili tukufu la Vaelupe, jina lililokuwa likibebwa na watu kumi na mmoja wa kijiji hiki, nami nikawa wa kumi na mbili, nikaleta nguruwe sita, mikeka laini arobaini na mapipa thelathini ya nyama ya chumvi.

(Sauti ya mzee Vaelupe Tuaoi kutoka kwenye nguzo yake: "Ishirini na nane!")

Takribani thelathini. Sasa, ndugu zangu, tujiulize: tulikotoka ni wapi? Tulikotoka, mwananchi aliyekuta kosa katika taarifa yake ya mikopo, labda ameandikiwa deni asilolijua, labda ameandikiwa kwamba amefariki ilhali ndiye aliyeifungua barua, alikuwa hajui akalalamike wapi. Lakini leo, kutokana na uongozi makini ambao kwa unyenyekevu mkubwa sitautaja kuwa ni wangu, utafiti wetu shirikishi unaonyesha kwamba asilimia tisini na saba nukta nne ya wananchi wanajua kwamba hawajui, na huo, ndugu zangu, ndio msingi wa uelewa. Tumefanya semina kumi na tisa, warsha za kutathmini semina, na makongamano ya kutathmini warsha, na hadi jana saa kumi jioni watu mia nne na kumi na wawili walikuwa wamehudumiwa.

(Anasimama Vaelupe Filemu, mwoka mikate wetu, ambaye oveni yake iliungua Februari na tangu hapo kijiji kizima kinakunywa kakao kavu. Mkononi ana bahasha. "Samahani Mheshimiwa, nakukatisha. Mimi si mtu wa maneno mengi. Muuza oveni wa Salelologa amenishikia oveni mpaka kesho Ijumaa, kesho ikipita anampa mtu mwingine. Benki imenikatalia mkopo mara tatu. Wanasema Vaelupe wa Vaimalie alikopa tala elfu sitini na mbili za pikapu na hajalipa miezi kumi na minne. Pikapu, Mheshimiwa! Mimi hata baiskeli inanitupa." Vicheko.)

Mama, hilo ni swali zuri sana, na kwa sababu ni zuri sana sitalijibu kwa pupa. Mfumo wetu, ambao ni wa kisasa kuliko mfumo mwingine wowote tulio nao, humtambua mkopaji kwa jina lake la kwanza na kijiji chake, na kwa kuwa hapa kwetu jina la heshima ndilo hutangulia, mfumo umekuta Vaelupe wa Vaimalie, ukamwandika Vaelupe wa Vaimalie, mara kumi na mbili, bila upendeleo wala ubaguzi wa kijinsia. Mnaona jinsi ulivyo na haki! Ukiona umeonewa, utaratibu uko wazi: unajaza fomu ya pingamizi, fomu inakwenda Apia, Apia inamwandikia aliyetoa taarifa kumuuliza kama taarifa yake ni sahihi, na yeye akijibu kwamba ni sahihi, basi tunakuwa tumethibitisha kisayansi kwamba ni sahihi.

("Nimeijaza mara tatu!" asema Filemu. "Mara tatu mmejibu hivyohivyo. Mnamuuliza mwizi wa kuku kama kuku ni wake?" Vicheko virefu. Mama mchungaji anajifunika uso kwa upepeo.)

Mara tatu! Makofi kwa mama huyu, tafadhali! Huyu ndiye mdau tunayemtaka, mdau mwenye ustahimilivu, na ninamwahidi hapa hadharani kwamba fomu yake ya nne itapewa kipaumbele cha juu ndani ya siku tisini za kazi, ukiondoa sikukuu na msimu wa vimbunga.

(Filemu: "Siku tisini nitaoka kwenye kiganja?" Mzee Tuaoi anaomba aletewe karatasi ya benki iliyomo kwenye bahasha, anavaa miwani, anasoma kwa sauti: mkopo wa tarehe tisa Juni mwaka jana, anuani ya mkopaji ni Apia, nyumba yenye geti la buluu, karibu na duka la vyerehani. Anavua miwani. "Kenesi mwanangu, nilipokuja kwako kufuatilia yale mapipa mawili, si geti la buluu ulilonifungia usoni?" Kijiji kinalipuka. Wanaopiga makofi sasa si wale waliokuja kwa feri.)

Tafadhali. Tafadhali, tusiingize siasa katika masuala ya kitaalamu. Magetini buluu ni rangi ya kawaida. Na hata kama, nasema hata kama, baada ya uchunguzi huru utakaoongozwa na ofisi yangu, itabainika kwamba Vaelupe mmojawapo alichukua chombo cha usafiri kwa ajili ya kuwatumikia nyinyi, je, ni uungwana kumnyooshea kidole? Mlinipa jina la wote, heshima ya wote, kiti cha wote. Inakuwaje deni ndilo liwe la mmoja? Sisi Wasamoa, tangu lini mtu akala peke yake? Deni ni letu sote! Huo ndio utamaduni, na anayeupinga utamaduni anawapinga waliokufa.

(Filemu anakunja karatasi yake taratibu. "Haya. Umesema vizuri, Mheshimiwa, nimekuelewa. Kama deni ni letu sote, na pikapu ni yetu sote. Enyi Vaelupe, inukeni twende kwenye gari letu." Wanainuka wenzake wote kumi, Tuaoi na bakora yake. Dereva wa Mheshimiwa, aliyeivusha pikapu kwa feri asubuhi na ambaye hajaona mshahara tangu Agosti, anatoa funguo bila kuombwa mara ya pili.)

Jamani, ratiba haijafika kwenye matembezi. Jamani! Mzee Tuaoi, hicho kiti cha mbele kina kava jipya! Nani anapakia magunia ya taro, hayo magimbi? Shukeni! Nimesema shukeni, hiyo si mali ya ukoo! Hiyo pikapu ni yangu! Nilikopa mimi, nikasaini mimi, kwa mkono wangu huu, na hakuna Vaelupe mwingine yeyote chini ya jua mwenye haki hata ya tairi moja!

(Filemu, kutoka dirisha la pikapu: "Rudia, baba, Mchungaji anaandika." Mchungaji kweli anaandika, nyuma ya karatasi ya ratiba ya sherehe. Mwenyekiti wa Baraza, ambaye tangu asubuhi hajatia neno, anatamka moja tu: "Saini." Mheshimiwa anasaini. Jasho linadondokea kwenye jina lake. Filemu anaisoma karatasi mara mbili, halafu anasema: "Na muhuri. Benki bila muhuri hawaangalii hata picha.")

Ndiyo. Muhuri. Kuhusu muhuri, ndugu zangu, naomba kutoa ufafanuzi, na naomba ufafanuzi huu usinukuliwe. Muhuri unatunzwa Kituoni. Kituo ndicho hiki tulichokizindua asubuhi kwa kukata utepe, na utepe, napenda kusisitiza, ni halisi, una risiti. Nyuma ya utepe kuna darasa la tatu la Mwalimu Mkuu, ambaye anayahitaji madawati yake Jumatatu. Fedha za awamu ya kwanza zilitumika kuandaa uzinduzi wa awamu ya kwanza. Wale mia nne na kumi na wawili waliohudumiwa, walihudumiwa chakula cha mchana.

(Mama mmoja: "Na sisi wa leo?" Mwingine: "Wewe umekula wapi?" Filemu anapiga honi. "Basi muhuri ni wewe mwenyewe, Mheshimiwa. Utasimama dirishani pale benki umwambie karani kwa kinywa chako ulivyotuambia sisi. Wanafunga saa tisa. Panda." Mheshimiwa anakwenda mlango wa mbele; Filemu anamzuia: "Huko kuna wazee. Panda nyuma.")

Basi nihitimishe. Usahihi oyee! (Honi.) Taarifa safi, taifa safi! (Injini.) Mkopaji kwanza! ("Shika bomba hilo, barabara ina mashimo.") Nawashukuru Mwenyekiti, Mchungaji na wananchi wote wa Vaimalie kwa kuzindua pamoja nami Kituo cha kwanza cha Kusahihisha Taarifa za Wakopaji katika kisiwa chote cha Savai'i, Kituo ambacho hakina jengo, hakina karani, hakina simu wala fomu, na ambacho kwa jumla yake ndicho hiki mnachokiona kimesimama juu ya magunia ya taro. Ahsanteni sana. Ndugu yangu, sogeza mguu kidogo, Kituo kipate pa kukaa.