Samaki Wetu Wanakufa kwa Ukarimu

Kamina, mwanzoni mwa mvua

Kwa Mheshimiwa Rais wa Kamati ya Bwawa, Baba Urbain Mukalay
Nakala: redio ya jamii, isomwe hewani bila kupunguzwa

Mheshimiwa Rais, na Baba yangu kwa heshima ya umri,

Katika barua hii nitatetea dai moja tu, nami nalitaja mwanzoni ili pasiwepo wa kusema kwamba nilimvizia: samaki wa bwawa la Chama chetu cha ushirika hawauawi na ugonjwa. Wanauawa na ukarimu. Kila mnachowatendea ni tendo la upendo, na hakuna hata tendo moja kati ya hayo ambalo kiumbe mwenye mapezi anaweza kulistahimili.

Unanifahamu. Mimi ni Ézéchias Ngandu, mwana wa Mama Salomé mwenye bwawa dogo lililo chini ya lenu, mhitimu wa chuo kikuu katika kilimo na ufugaji. Niliporudi kutoka Lubumbashi mlinisimamisha mbele ya kanisa zima, mkanipigia makofi, na wewe mwenyewe ukatamka kwamba sasa Kamina ina mtaalamu wake. Tangu siku ile hakuna mwanakamati aliyemuuliza mtaalamu huyo swali lolote, isipokuwa kama anaweza kutengeneza simu.

Ningeendelea kunyamaza, kwa kuwa nimelelewa vizuri, lau si uamuzi wa mkutano wenu wa juzi. Mmeazimia kwamba Jumamosi hii mtamwaga bwawani beseni zima la vidonge vya antibiotiki, ili kumaliza ugonjwa mara moja. Naomba ukumbuke njia ya maji, Baba. Yanayotoka kwenu hupita katika mfereji na kuingia kwetu. Bwawa la mama yangu ndilo linalotulisha, na ndilo linalomweka mdogo wangu Talitha shuleni. Mkimwaga dawa Jumamosi, Jumapili sisi tutakuwa tumeshainywa bila ya kuugua. Kwa sababu hiyo nawasilisha malalamiko yangu, nikiyapanga kwa nambari, maana nimeona kwamba yasiyo na nambari Kamati huyaita mazungumzo.

1. Kuwaogesha wageni.

Vifaranga vya tilapia vinapowasili kutoka Kinkondja, kando ya ziwa Kisale, vikiwa vimetikiswa njia nzima ndani ya madumu juu ya baiskeli, makamu wako Mama Clémentine huwapokea kama inavyompasa mwenyeji mwema: anawaogesha. Nimemshuhudia kwa macho yangu akiwa amekaa kwenye kigoda, beseni mbele yake, akimsugua kila kifaranga kwa kitambaa mpaka ule utelezi wote umetoka. Nilipomsihi aache, alinijibu bila kuinua kichwa:

«Batoto banatoka mu matope ya Kisale, na baingie kwetu na ile ute? Hapana, mutoto yangu. Mugeni anakoga kwanza.»

Mheshimiwa Rais, ule ute si uchafu wa safari. Ni ngao. Ni sehemu ya kwanza ya kinga ya mwili wa samaki. Vijidudu vinavyotaka kumwingia hunasa humo na kufa humo. Kumsugua samaki ute ni sawa na kumpokea askari mlangoni kwa kumvua kofia ya chuma, viatu na bunduki, kumkalisha uwanja wa vita akiwa amenukia vizuri, kisha kushangaa kwamba amejeruhiwa.

2. Kuwalisha wanaokata roho.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa kuwa linafanywa kwa furaha kubwa mno. Katika mji wetu hakuna mtu anayepita mlangoni kwa mwenzake akaondoka na tumbo tupu, na desturi hiyo ninajivunia. Lakini bwawa lenu liko kando ya njia ya kwenda sokoni, na kila mwanachama anayepita huona aibu kupita mikono mitupu. Anatupa tonge la bukari, ugali wetu wa kila siku. Anayemfuata naye anatupa lake. Mwimbaji wa kwaya anatupa, mwalimu anatupa, bibi harusi na wasimamizi wake walitupa sinia zima. Bukari ambalo halikuliwa linazama, linachacha, linaoza, na katika kuoza kwake linakula hewa yote iliyomo majini.

Kunapopambazuka samaki wanapanda juu, mamia kwa pamoja, wakipanua na kufumba midomo. Kitabu chochote cha ufugaji, hata kile kilichokosa jalada, kitakwambia kwamba huyo ni kiumbe anayekosa pumzi. Sasa sikiliza wanachama wako wakiwa ukingoni:

«Angalia, banakuya kutusalimia! Banafungula kinywa, njala iko nabauma. Bape tena!»

Nao wanawapa tena. Naomba utafakari jambo hili, wewe uliyesoma kwa mapadri. Mtu anazama, ananyoosha mkono juu ya maji, na sisi tulio ukingoni tunaukamata mkono huo, tunautikisa kwa salamu, kisha tunaweka ndani yake sahani.

3. Kutomnyima mtu nafasi.

Hapa, Baba, inanibidi niseme nawe ana kwa ana. Uliendesha stesheni kwa heshima mpaka siku ya kustaafu, na hakuna asiyejua hivyo, kwa kuwa hujawahi kukaa pahali dakika nzima bila kutuambia. Nilipokueleza kwamba bwawa lina kipimo chake, kwamba samaki waliobanana huishi katika hofu, na kwamba hofu ya kudumu huivunja kinga ya mwili kwa samaki kama kwa binadamu, ulicheka, ukanishika bega, ukasema:

«Ézéchias, minyi nilikuwa chef de gare. Train haiendaka na wagon ya bule. Kama iko nafasi, muntu anapanda.»

Kwa kanuni hiyo umewapandisha tilapia, ukawapandisha kambale wanaowala tilapia, ukapandisha na bata wa mchungaji. Sitabishana na reli. Nitauliza tu: ni lini mara ya mwisho wewe mwenyewe ulisafiri kwenda Luena katika behewa la namna hiyo, ukashuka na afya uliyopanda nayo? Tena abiria wa treni ana tumaini la kufika. Samaki wako amepanda treni ambayo stesheni yake ya mwisho ni kikaango, na hata kufika huko kunamshinda.

4. Kuwatibu wazima.

Lalamiko hili lilistahili kuwa la kwanza, ila niliihofia kalamu yangu. Vidonge vyenyewe, nusu nyekundu nusu njano, vinauzwa sokoni kwa kiganja, juani, bila jina wala tarehe. Hakuna aliyepima maji. Hakuna aliyempasua samaki mmoja akamtazama matamvua. Swali la nani anaumwa, na anaumwa nini, halikuulizwa. Mama Clémentine alipoulizwa mkutanoni kwa nini dawa imwagwe kwa wote, alitoa jibu ambalo, kwa uzuri wake, lingefaa kuchongwa juu ya mlango wa hospitali:

«Mugonjwa na muzima, bote banywe pamoja. Juu mugonjwa asisikie haya.»

Ukumbi ulipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nikifikiria vijidudu. Mkimwaga vidonge, vijidudu dhaifu vitakufa na vyenye nguvu vitabaki, navyo vitafundisha watoto wao. Kwa mwendo huu bwawa la Chama litakuwa chuo kikuu: litakuwa na mihadhara kila juma, halitakuwa na mgomo wa walimu, na wahitimu wake wote watapata kazi. Siku moja mmoja wao atafuata mfereji, atapanda juu ya sahani yetu, atamwingia Talitha. Nitamkimbiza zahanati, muuguzi atampa vidonge vilevile vya rangi mbili, na kijidudu kitavitazama kama mtu anayetazama picha ya darasa lake la zamani.

Wala nisisahau kusema hili. Hapa mjini kwetu binadamu mwenye homa hukaa kwenye benchi tangu asubuhi akisubiri dawa ambayo imekwisha. Samaki asiye na homa huletewa dawa mpaka kitandani. Nimewahi kujiuliza, kwa uchungu wa kweli, kama isingekuwa afadhali niote magamba badala ya kusoma.

Kutokana na hayo manne, Mheshimiwa Rais, naleta pendekezo, na naomba lisichukuliwe kama utani. Sayansi hudai jaribio. Kama utunzaji wenu ni mwema, basi ni mwema kwa kila kiumbe, na Kamati haiwezi kuogopa kuujaribu. Naomba wanakamati wote waingie katika ukumbi wa kanisa kwa muda wa juma moja. Mlangoni kila mmoja avuliwe nguo na asuguliwe kwa mchanga mpaka ngozi ya juu itoke, kwa kuwa mgeni huoga kwanza. Kisha waongezwe humo wanakwaya, wafanyakazi wa reli waliostaafu na yeyote anayepita, maana pakiwa na nafasi mtu hupanda. Madirisha yafungwe. Kila mpita njia arushe bukari ndani, na lisizolewe. Mwanakamati atakayesogea mlangoni na kupanua mdomo kutafuta hewa ajibiwe kwa salamu na tonge jingine. Atakayeanguka asitolewe, ila wote wanyweshwe vidonge, hasa walio wazima. Mwisho wa juma tuhesabu waliobaki, na kama wewe, Baba, utatoka humo ukitembea, nitachoma shahada yangu mbele ya stesheni na kuwaomba radhi samaki.

Kama jaribio hilo linawazidi, lipo jingine jepesi. Njoni Ijumaa, Kamati nzima, mlione bwawa la mama yangu kabla hamjamwaga chochote. Nimelisimamia mwenyewe tangu nirudi. Samaki ni wachache na kila mmoja anageuka bila kumgusa mwenzake. Maji yanaingia kwa kuanguka kutoka kwenye bomba la mwanzi, yakiteka hewa njiani. Wanakula kiasi wanachomaliza, majani ya viazi vitamu na mchwa wa msimu, na anayepita njiani anawasalimia kwa maneno tu. Dawa hawaijui. Wananenepa, wanang'aa, na asubuhi wako chini kabisa, ambako ndiko kwao. Huo ndio ushahidi wangu, unaogelea, na sina mwingine. Kila nilichokiandika humu kinasimama juu ya samaki wale.

Kwa hiyo nadai yafuatayo, bila ya ukali na bila ya kurudi nyuma: vidonge visimwagwe Jumamosi, na wewe, Mheshimiwa Rais, unijibu hadharani, kwa sauti yako mwenyewe, katika redio ya jamii, mara tu baada ya matangazo ya vifo, wakati ambapo mji mzima unasikiliza. Usinijibu kwa kunishika bega. Usinijibu kupitia kwa mama yangu baada ya ibada. Nataka hoja kwa hoja, nambari kwa nambari, na atakayeshindwa akubali mbele ya watu.

Mfikishie Mama Clémentine heshima zangu, ambazo ni za kweli, maana hakuna anayepika sombe kama yeye. Uwasalimu wanakamati, wanakwaya, mchungaji na bata wake. Wasalimu pia wale wa bwawani, asubuhi na mapema. Watakuwa juu, wakikungoja.

Nabaki mwanao mtiifu katika yote yasiyohusu maji,

Ézéchias Ngandu
Mhitimu wa kilimo na ufugaji

Nyongeza: Barua hii ilichelewa kuondoka kwa kukosa bahasha, na wakati huo Talitha aliisoma kwa sauti jikoni. Mama hakujali habari ya ute wala ya hewa. Alisikia jambo moja tu, kwamba Kamati nzima inakuja kwetu Ijumaa.

«Bale bazee bote banakuya hapa, na weye haukuniambia? Banakula nini?»

Nilimweleza kwamba hamji kula, mnakuja kuangalia.

«Kuangalia! Muntu anaitwaka kwa muntu kuangalia? Unataka Kamina yote initukane?»

Nilikwenda mjini kutafuta bahasha. Niliporudi, mfereji ulikuwa umefunguliwa, bwawa limebaki tope, na samaki wote, mpaka wale wadogo ambao nilikuwa nikiwafuatilia kwa mwaka mzima, wamepangwa juu ya moshi. Wakubwa wawili wametengwa kwa ajili yako, Baba.

Kwa hali hiyo ushahidi wangu hauwezi tena kuonekana, unaweza kuonjwa. Naungama kwamba nimeuonja, na ni mtamu. Samaki wa kuanzia upya itabidi tuwaombe kwenu, wowote mtakaokuwa nao, maadamu wanapumua. Mje Ijumaa bila kukosa, mje na Mama Clémentine. Jibu la hadharani bado nalidai, na sitalegeza neno hata moja, ila mlitoe mkishakula na kunawa mikono, kwa kuwa Mama haruhusu mtu abishane mbele ya chakula.