Gramu Sitini na Mbili za Dhahabu

Jumatatu, 4 Julai 1994

Daktari Muzdalifa ameondoka asubuhi kwenda Morogoro, semina ya wiki tatu. Ameniachia mjusi.

Niandike vizuri, maana hata mimi mwenyewe sijaamini. Daktari wa mifugo, binti wa marehemu Mzee Ismaily, mtoto wa hapa hapa Kibiti, kasoma Ulaya miaka sita, karudi na masanduku mawili ya vitabu na mjusi mmoja. Anamfuga. Anamwita Dhahabu. Ni wa manjano, madoadoa meusi kama chui, mkia mnene kama kidole gumba, anaishi ndani ya sanduku la kioo. Sisi huku mjusi kafiri akionekana ukutani mtu anatafuta kandambili. Daktari akanionyesha tofauti: huyu ana kope, anafumba macho, na ukuta hapandi. Kweli akanifumbia macho pale pale. Nilishtuka hata nikaitikia kwa kichwa, kama niliyesalimiwa.

Sasa jambo lenyewe. Daktari kafungua duka lake la dawa za mifugo pale barabarani, la binafsi, siku hizi ruksa. Anataka msaidizi. Tumeomba wawili, mimi na jirani yangu Mfaume, mtu asiyejua tofauti ya kupe na kunguni. Daktari kasema ataamua akirudi. Lakini mjusi kampa nani? Mwenye akili ameelewa.

Kaacha na karatasi ya maelekezo. Wadudu watano, wakiwa hai, siku moja apewe, siku moja apumzike. Wapakwe ule unga wa madini ya chokaa. Maji safi. Chakula cha watu asipewe kabisa. Apimwe kila Ijumaa kwa mizani ndogo ya dawa. Uzito wake gramu sitini na mbili, na hapo kapiga mstari: abaki hapo hapo.

Nimecheka kidogo. Miaka kumi na nne nimekuwa karani wa mizani ya korosho kwenye chama cha ushirika, mpaka walipoingia wanunuzi binafsi na sisi tukapunguzwa. Mimi nifundishwe mizani?

Jumatano, 6 Julai

Chai nimeiacha ipoe.

Alfajiri nimemkuta Dhahabu kageuka mweupe kama aliyepakwa majivu. Nikajua amekufa, na kazi imekufa naye. Mara akaanza kujivua ngozi. Akaivuta kwa mdomo, mkono mmoja, mkono wa pili, kama mtu anayevua soksi. Kisha akaila. Yote. Akalamba na midomo.

Nilimwita mke wangu Mwanasiti. Akatazama, akasema labda ndivyo walivyo, akarudi kwenye chapati zake. Ndivyo walivyo! Nimeishi miaka arobaini na moja, sijaona kiumbe anayekula nguo zake ila njaa imemfikisha pabaya. Daktari ni msomi, lakini mjusi huyu anashinda njaa.

Ijumaa, 8 Julai

Gramu sitini na moja.

Nimepima mara tatu. Nimefuta sahani ya mizani kwa kanzu yangu. Sitini na moja. Siku nne tu mikononi mwangu na gramu moja imepotea. Kule ushirika gunia likipungua, karani ndiye anayeulizwa.

Baada ya swala ya Ijumaa mambo yakazidi. Mfaume kawaambia watu msikitini kwamba mimi, Abbasi, nafuga kafiri ndani. Wakaja kumi na wawili. Mzee mmoja tayari kainua bakora. Nikasimama mbele ya kioo, nikaeleza habari ya kope, na Dhahabu, Mungu ambariki, akafumba macho taratibu mbele ya kadamnasi. Bakora ikashuka. Mfaume akachungulia kwa muda mrefu, akasema kwa sauti ya msibani kwamba mnyama amekonda.

Sikulala mchana.

Jumanne, 12 Julai

Nimepata dawa. Juzi nilikwenda Mahege kwa baiskeli, kwa shemeji, ambako minazi miwili imeanguka na kuoza. Ndani ya magogo kuna funza, weupe, wanene, wamejaa mafuta hata wanang'aa. Nimejaza kopo. Dhahabu alipowaona alitingisha ncha ya mkia. Kala wanne. Kala jana watatu, leo watano. Panzi siku hizi anawatazama kama mtu mwenye pilau anavyotazama kiporo cha muhogo.

Nimeongeza na kamba wakavu wa Kiongoroni, nimewatwanga. Mwanasiti kasimama na ile karatasi mkononi.

"Baba Rukaya, hapa pameandikwa chakula cha watu asipewe. Na hapa, siku moja apumzike."

Nikamjibu kwamba kamba ni mdudu wa baharini, tatizo ni watu ndio wamezoea kumla. Na mapumziko ni ya mtu anayefanya kazi. Kachukua daftari la zamani la Rukaya, anaandika mambo yake humo. Wanawake.

Ijumaa, 15 Julai

Gramu sitini na tisa.

Niliita watu waone. Mfaume kaja, katazama mizani, uso ukamshuka. Nimemweleza kwa upole kwamba kukabidhiwa kitu ni kukirudisha zaidi ya ulivyokipokea. Daktari akikuta sabini na tano ataniachia funguo za duka siku hiyo hiyo.

Mkia wa Dhahabu sasa umezidi shingo yake. Unakaa kama mhogo.

Jumanne, 19 Julai

Habari kubwa. Nimekaa chini kuiandika.

Leo gramu sabini na tatu, ingawa si Ijumaa. Nilipomgeuza nikaona kwapani, huku na huku, vifuko viwili laini, vimetuna. Tumbo limeshuka. Anatembea kwa kuchechemea kama mwanamke wa miezi tisa. Na tangu jana chakula hataki.

Dhahabu ana mimba.

Namna gani, sijui. Yuko peke yake kwenye kioo. Lakini Mungu ana siri zake. Mjusi mmoja nilikabidhiwa, nitarudisha ukoo.

Nilikwenda mbio posta kupeleka simu ya maandishi Morogoro: DHAHABU MJAMZITO HONGERA ABBASI. Karani wa posta akaisoma mara mbili, akaniuliza kama Dhahabu ndiye mke wangu wa pili. Nikamwambia asiulize yasiyomhusu. Kosa langu hilo. Kabla sijafika nyumbani habari zilishapita sokoni, na Mwanasiti alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Imechukua saa nzima na kumtoa Dhahabu kwenye kioo ili aniamini.

Ijumaa, 22 Julai

Siku hii ingefutwa kwenye kalenda.

Asubuhi jibu la Daktari lilifika. Maneno sita: DHAHABU DUME. ACHA KULISHA. NARUDI JUMATATU.

Dume. Nilikaa kwenye benchi la posta nikiisoma. Kama si mimba, basi vile vifuko ni nini? Nyumbani Mwanasiti akasema ni mafuta, na kwamba kila siku alikuwa akiniambia. Kweli nikikumbuka alikuwa akisema kitu. Akasema tumwache atulie, apate maji na joto, mwili utapungua wenyewe polepole.

Polepole. Na leo ni Ijumaa, Daktari anakuja Jumatatu. Gramu kumi na moja za ziada zitaondoka kwa utulivu? Mtu mnene hupungua kwa jasho. Mwanasiti alipotoka kwenda kisimani nikatandika mkeka uani, juani, nikamtoa Dhahabu afanye mazoezi. Hatua tatu, akasimama. Nikampigia makofi. Hatua mbili.

Jogoo sikumwona. Alitoka nyuma ya kinu, shingo mbele, mbio, na nilichoona ni mdomo wake unashuka. Nikarusha mkono, nikakamata nilichoweza kukamata. Nilikamata mkia.

Mkia ukabaki mkononi. Dhahabu alikuwa kwenye mkeka, mimi nimeshika mkia, na mkia unacheza. Unajipinda, unapiga vidole vyangu, una hasira kuliko mwenyewe alivyopata kuwa nayo. Jogoo alikimbia.

Mwanasiti ndiye aliyemwokota. Kaweka ndoo chini, kamfunika kwa upindo wa khanga, kamshika kifuani. Dhahabu alikuwa anatetemeka. Pale mkia ulipokuwa pana kidonda chekundu kidogo, damu hata tone halikufika. Kitu cha watu. Nimekabidhiwa nikiwa na akili zangu, na kilikuja kwangu kizima.

Alasiri, Mwanasiti akiswali, nilimpima.

Gramu sitini na mbili.

Nimeitazama sindano ya mizani muda mrefu. Sitini na mbili kamili, kama ilivyoandikwa. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba mizani haijui mkia ni nini.

Jumapili, 24 Julai

Nimepigwa marufuku kukaribia kioo. Mwanasiti kaondoa mchanga wote, katandaza gazeti ili kidonda kisiingie uchafu. Upande mmoja kaweka chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa, anaibadilisha kila ikipoa. Funza wa Mahege kawamwaga kwa kuku.

Jioni alimpa panzi mmoja mdogo, aliyepakwa unga wa chokaa. Mimi nachungulia mlangoni. Dhahabu alimtazama yule panzi mpaka nikadhani amelala. Kisha akamla. Siku sita hajala.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa peke yangu kidogo. Moshi wa jikoni ulikuwa mkali.

Jumatatu, 25 Julai

Daktari hakupita hata kwake. Kashuka kwenye basi, kaja moja kwa moja na begi. "Shikamoo, Kaka Abbasi," akasema, na kabla sijasema marahaba kashaliona sanduku. Marahaba yangu ilibaki hewani.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilianza na gramu sitini na mbili. Akainua mkono nikanyamaza.

Alimpapasa kwapani, akamwangalia mdomo, akaangalia kidonda kwa tochi. Ndipo akasema, bila kupandisha sauti, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Mkia wa mjusi huyu ni ghala lake. Akishiba anaweka akiba mle, akikosa anaitumia. Unene unaotakiwa ni mkia ulingane na shingo, basi. Ghala likijaa, mafuta yanahamia kwapani na kwenye ini, na ini likizingirwa mnyama anakufa huku anaonekana mwenye siha. Funza wale, kasema, ni kama mimi nilishwe samli kwa kijiko mwezi mzima.

Nikauliza kuhusu ngozi. Wote hula ngozi zao, kasema, washibe wasishibe.

Nikauliza kuhusu ile gramu moja ya Ijumaa ya kwanza.

"Alikuwa amekwenda haja, Kaka Abbasi."

Yote haya, mwanzo wake kinyesi.

Mkia utaota mwingine, kasema, ila mfupi na wa mviringo, hautafanana na wa kwanza. Atapona. Akauliza nani kabadilisha mchanga na nani kaweka joto. Mwanasiti akaleta lile daftari. Limeandikwa kila siku: alichokula, alichokataa, lini alikwenda haja, lini mimi nilionywa. Mara nilizoonywa ni kumi na tatu. Daktari alisoma akiwa amesimama, kurasa zote.

Jumatano, 27 Julai

Daktari katangaza. Msaidizi wa duka ni Mwanasiti.

Tulikuwa mimi na Mfaume barazani kwa Daktari, kila mmoja na shati lililopigwa pasi. Tulitazamana. Mfaume kalitazama shati lake. Ni mara ya kwanza tangu tuwe majirani nimemwonea huruma. Tukarudi pamoja kwa miguu, na kwenye njia panda akaniuliza kama mkia ulikuwa unacheza kweli. Nikamwambia dakika nzima. Akatikisa kichwa mpaka kwake.

Mwanasiti kavaa koti jeupe. Linamkaa vizuri mno. Amesema naweza kukaa mlangoni wakati wa swala, na mteja akija nimwambie asubiri. Neno moja tu: subiri.

Leo nalala mapema. Nimejifunza, naandika hapa mbele ya Mungu.

Jumamosi, 30 Julai

Adhuhuri nilikuwa mlangoni kama nilivyoagizwa. Mwanasiti yuko nyuma anaswali, Daktari yuko Ikwiriri kwenye ng'ombe. Akaja mtu wa Mtunda anaitwa Nassibu, na mbwa wake wa kufukuza ngedere shambani. Mwembamba, anakimbia kama upepo, kasema, ila juzi kakanyaga mwiba na anataka dawa ya mguu.

Nikafungua mdomo niseme subiri.

Lakini nilimwona yule mbwa. Mbavu zote nje. Mtu angeweza kuzihesabu kutoka barabarani. Mtu mwenye ujuzi hawezi kunyamaza. Nikamwambia Nassibu mwiba si ugonjwa, ugonjwa ni wembamba. Tukampandisha kwenye mizani ya magunia: kilo kumi na moja. Nimemwandikia karatasi, kwa hati nzuri, asimwonyeshe mtu: mashudu ya ufuta, dagaa na uji mzito, mara nne kwa siku, mbwa afungwe asipoteze nguvu, amrudishe baada ya siku kumi akiwa na kilo ishirini.

Akauliza kama kwa kilo ishirini mbwa ataweza tena kukimbia.

Nilimshika bega. Nikamwambia ngedere akimwona mbwa wa kilo ishirini, atakayekimbia ni ngedere.

Kaondoka ameridhika sana.