Kakao Safi ya Tanzania

Jumatatu, 7 Oktoba

Butembo, Kongo. Wiki ya tatu tangu nifike kutoka Singida kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Habari kubwa! Jumapili redio moja ya Beni itamhoji mmoja wetu: mimi, au Bénite, mwanafunzi wa Burundi kutoka Ngozi. Atakayejitolea vizuri zaidi wiki hii ndiye atakayesema. Nimempigia Baba simu na kumwambia kwamba nimechaguliwa. Bado sijachaguliwa, lakini mambo haya hujulikana mapema.

Asubuhi tulikwenda sokoni na Mama Anne-Marie, mwenyeji wetu. Nilisisitiza kubeba peke yangu gunia la viazi vilivyotoka kijiji cha Kipese, ili watu waone. Waliona. Viazi viliteremka kilima chote hadi barabara kuu. Bénite aliviokota. Mama alicheka hadi akashika ubavu. "Tanzania, mutoto wangu, nguvu yako yote iko mu kinywa!" Hapa wananiita Tanzania. Si kila mtu hupewa taifa zima.

Jumanne, 8 Oktoba

Beni. Joto! Koti langu la heshima lilinitesa, lakini sikulivua. Tutajitolea siku kadhaa, tukilala hapo hapo, katika kiwanja cha kikundi cha wanawake wanaolima kakao. Msimamizi ni Papa Gracien, mtu wa maneno machache. Leo alitumia nusu saa kutufundisha. Nilisikiliza mwanzo. Baadaye nilianza kutunga hotuba yangu ya redio kichwani. Bénite aliandika kila neno katika daftari. Kujipendekeza tu.

Niliyoyashika: kakao mbichi hulazwa ndani ya sanduku la mbao, chini ya majani ya migomba, na kila sanduku lina mwenyewe. Sisi tumepewa kutunza la Mama Agar. Ni mavuno yake ya mwezi mzima, aliyoyabeba mgongoni safari nne. Nimemwahidi kwamba hatatusahau.

Jumatano, 9 Oktoba

Niliamka kabla ya wote. Mpango: Papa Gracien afike akute kazi imekwisha, nami nimesimama pale.

Nilifunua majani. Aibu! Mbegu zina utelezi mweupe. Zinatoa joto. Zinanuka siki, na vijinzi vinazizunguka. Watu wakarimu hivi, kumbe hawana wa kuwaonyesha usafi! Nikaosha sanduku zima. Mapipa mawili ya maji ya mvua na kipande kizima cha sabuni, tena sabuni yangu mwenyewe. Kufikia saa mbili mbegu ziling'aa kama kokoto za mtoni.

Bénite alitoka, akatazama, akashika kichwa, akakimbia kumwita Papa Gracien. Mchongezi! Nilinyoosha koti nikasubiri pongezi.

Papa Gracien aliuliza, kwa Kiswahili cha huku kilichochanganyika na Kifaransa, "Mais, njo nini hii?" Kisha akakaa chini, palepale kwenye matope. Inaonekana ule utelezi na lile joto ndiyo kazi yenyewe. Kakao huachwa ivunde siku sita, ndipo ipate ladha. Mama Agar alinusa konzi moja ya mbegu. Akaniuliza kama kwetu pia, unga wa mkate ukianza kuvimba, tunaupiga sabuni. Wanawake walicheka. Yeye hakucheka. Nilimjibu kwamba kwetu tunakula zaidi ugali.

Alhamisi, 10 Oktoba

Wanawake wa kikundi wamekubaliana: kila mmoja amemtolea Mama Agar beseni moja la kakao yake. Sanduku limejaa tena. Kwa hiyo hakuna hasara, na mimi ndimi niliyewapa nafasi ya kuonyesha umoja wao. Hakuna aliyelitaja hilo.

Nimepewa koleo la mbao kugeuza kakao za masanduku yote. Viganja vimetoka malengelenge. Mchana nilimdokeza Papa Gracien kwamba wazo la kuosha lilitoka kwa Bénite. Alinishika mkono, akaunusa. "Na hii sabuni ni ya nani, Tanzania?"

Mzee ana pua kali.

Ijumaa, 11 Oktoba

Amechaguliwa Bénite. Upendeleo wa wazi!

Hata hivyo, siku imeisha kwa heshima. Papa Gracien alipasua kwa kisu mbegu niliyoiosha. Ndani ni zambarau, wakati ya wengine ni kahawia. Akazitia kadhaa katika chupa, akaiweka kwenye dirisha la bureau yake, yaani ofisi, ili kila mwanafunzi mgeni aione, na juu yake akaandika: KAKAO YA TANZANIA. Aina ya kakao imepewa jina la nchi yangu! Ni nani amefanikiwa hivyo kwa siku tatu? Nimempigia Baba. Aliomba kuzungumza na Papa Gracien. Furaha, bila shaka.

Jumapili, 13 Oktoba

Redioni. Nilijitolea kumbebea Bénite daftari, nikaketi karibu kabisa na kipaza sauti. Alieleza kakao kwa utulivu, akamshukuru Mama Agar kwa jina. Haikuwa mbaya. Alipotua kuvuta pumzi nilikohoa mara mbili, kwa nguvu, hewani. Mtangazaji akauliza huyo ni nani. Bénite akasema, "Njo Tanzania, ule wa kusafisha kakao." Jioni waendesha pikipiki watatu walinisalimu barabarani kwa kujipaka sabuni isiyokuwepo. Umaarufu huu sikuutafuta.

Jumatano, 16 Oktoba

Tumepandishwa vilimani, juu ya Butembo, kujitolea kwenye kahawa. Baridi nzuri, inayostahili koti. Nimefika nikakuta nini? Kahawa iliyokwisha kumenywa, yenye utelezi uleule, na wanawake kumi wamepanga mabeseni. Wanataka kuiosha! Nikawaonya kwamba nimetoka Beni na kwamba jambo hili nalijua kuliko wote. Bénite akasema kwao Ngozi kahawa huoshwa, na kwamba isipooshwa leo itaharibika. Wivu. Hana chupa yenye jina la nchi yake.

Sikubishana. Nimekusanya mabeseni yote na mpira wa maji nikavifungia stooni, nami nimejifungia humo humo. Ninaandika haya nimekaa juu ya beseni. Nje wamekwisha kuwa wengi. Wanagonga mlango na kuniita kwa sauti, hata jina langu kamili. Sauti ya Bénite ndiyo kubwa kuliko zote.

Tangu nivuke mpaka, sijawahi kuhitajiwa namna hii.