Mimi, Mashine na Makofi ya Kandambili

Jumatatu, 3 Juni

Mashine imefika! Inaoanisha kandambili, ya kushoto na ya kulia, kwa jicho la kamera. Meneja aliuliza kiwanda kizima nani anaifahamu. Nikasema mimi. Nikaongeza kuwa ujanani niliwahi kufufua ya namna hii kwa kijiko, mvua inanyesha. Nimepewa niisimamie mpaka Ijumaa. Ikienda vizuri, usimamizi ni wangu moja kwa moja. Isipokwenda, narudi kupakia malori, na kiuno changu hiki! Mke wangu kaniuliza kama naijua kweli. Nikamwambia mashine ni mashine. Alinitazama, akaendelea kukunja nguo.

Jumanne, 4 Juni

Nimeizungushia turubai. Wote wakijua kuiwasha, mimi nitakuwa wa nini? Ina kitufe kimoja tu, cha kijani. Nimewaambia vipo vingi, na vingine vinauma.

Kisha nikaenda kwenye meza ya Shemeji, mdogo wake mke wangu. Hapo kina mama huoanisha kwa mikono. Kila jozi huigonganisha, pa!, ule unga mweupe wa kuzuia mpira usigandane unaruka, ndipo wanafunga. Kelele siku nzima. Nimepiga marufuku. Tuko kiwandani, si harusini. Sasa kandambili zitoke kwenye kukatwa, zije kwangu moja kwa moja, kistaarabu. Shemeji kaniita Injinia Turubai. Kina mama wamecheka mpaka wakashikana mabega. Wivu huo.

Jumatano, 5 Juni

Asubuhi mambo mswano. Nimetembea mikono mgongoni, hata meneja kanipisha mlangoni. Mchana, balaa! Mashine ikaanza kukataa kila kandambili. Inatema tu. Moja imenipata shavuni. Fundi umeme, tunamwita Waya, kachungulia akauliza kama humo ndani kuna ugomvi wa ndoa. Nikamjibu mashine inajizoeza. Nimebonyeza kijani. Nimeibembeleza. Nimeifokea. Nimekwenda kuomba kijiko jikoni. Wapi!

Alhamisi, 6 Juni

Mzigo wa mteja unatoka kesho. Zilizokataliwa zimefika kifuani. Nikajibanza nyuma ya rundo, kiuno kinauma kwa kufikiria malori tu. Shemeji akaingia bila hodi. Akalitazama rundo, akanitazama mimi, akasema, "Shemeji, hebu sogea bwana." Nilisogea.

Turubai likashushwa. Kina mama wakaanza kuokota, na kwa mazoea yao, pa! pa! pa! Unga ukatanda. Waya akapanda kwenye kreti, akafuta jicho la kamera kwa pindo la shati. Pindo likawa jeupe pe! Akasema maskini mashine ilikuwa haikatai, ilikuwa haioni. Wakarudisha zilizokung'utwa. Ikazipokea! Jozi, jozi, jozi. Wao wanagonganisha, mashine inaoanisha, Waya anafuta. Mimi nikapewa kushika maboksi. Niliyashika vizuri sana, nadhani hajatokea mshika maboksi kama mimi. Shemeji kaniuliza mbona nalia. Nikasema unga. Haukuwa unga.

Ijumaa, 7 Juni

Mzigo umetoka! Meneja akauliza nani kaja na mpango huu. Nikakohoa kidogo, kujiandaa. Shemeji akaniwahi. Akamwambia ni wetu sote, na shemeji yake pia alikuwepo. Angeweza kunimaliza palepale, kwa neno moja tu! Waya naye, mdomo kama redio, leo katazama viatu vyake. Usimamizi nimepata. Malori kwaheri.

Nimerudi nyumbani nikamwambia mke wangu kuwa mdogo wake ni mtu. Kasema anajua, wamelelewa nyumba moja. Nawashukuru wale watu kutoka moyoni. Sijapata kupendwa hivi kazini. Leo nimeshinda nawaza niwafanyie nini.

Nimepata! Jumatatu inakuja mashine nyingine, ya kupachika mikanda, kubwa kama chumba. Meneja anataka kikundi cha kujifunza pamoja. Kabla sijatoka kazini nikamfuata ofisini, nikamwomba awaache wenzangu wapumzike, wamechoka wale. Nikamweleza kuwa hiyo nimewahi kuiendesha nimefumba macho, tena kwa mguu. Nitaishika peke yangu, asiniingilie mtu.

Hiyo ndiyo zawadi yangu kwao. Bado sijawaambia. Watafurahi mno.